Novemba Inamsubiri Mgeni Rasmi

Nianze kwa kuwatoa hofu wasomaji wa nje: nchini kwetu Palepale hakuna mabadiliko ya tabianchi. Hakuna mabadiliko ya aina yoyote. Chama tawala, Chama cha Msimamo, kinashinda kila uchaguzi kwa ahadi moja tu, kwamba kesho itakuwa kama jana, na ahadi hiyo kimeitekeleza kwa uaminifu wa kutisha. Kaulimbiu yake, "Tulipo Ndipo", imepigwa rangi kwenye ukuta wa kila shule na kila zahanati, na pia kwenye ukuta wa ndani wa Bwawa la Ushindi, ambalo ndilo linalotupatia umeme. Ile ya bwawani zamani ilikuwa imezama majini. Siku hizi inasomeka yote mpaka nukta ya mwisho, na chini yake mbuzi wanapita.

Mimi ni karani wa vizazi na vifo wa mji wa Ngarambo, na huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa kazini. Ofisi yangu ni chumba cha pembeni cha zahanati. Ukuta mmoja tu unanitenga na chumba cha kujifungulia, kwa hiyo mambo mengi huyasikia kabla hayajaletwa mezani kwangu kwa maandishi. Nayasema haya msije mkadhani nasimulia ya vijiweni.

Sasa, ili myaelewe yaliyotokea, sharti kwanza mjue heshima tunayompa mgeni rasmi. Kadi ikisema shughuli ni saa tatu kamili asubuhi, watu huwa uwanjani saa mbili. Mgeni rasmi huja saa nane mchana. Katikati hapo kwaya inaimba wimbo uleule mara kumi na nne, na watoto wa halaiki wanazimia mmoja mmoja kwa utaratibu mzuri. Mgeni akishuka kwenye gari, mshereheshaji hutangaza kwamba ni saa tatu kamili, na katibu naye huandika saa tatu kamili. Ndiyo maana katika historia ya Palepale hakuna kiongozi aliyewahi kuchelewa. Mwaka fulani mgeni rasmi wa kufungua daraja letu hakuja kabisa. Daraja lile ni zuri sana, na mpaka leo tunavuka mto kwa kupita chini yake.

Basi mwaka huu Oktoba ilifika thelathini na moja, na mvua ya vuli, ambayo tangu enzi za babu zetu huanza Novemba mosi, haikuonyesha hata wingu la kutania. Ulikuwa mwaka wa tatu mfululizo. Wataalamu wa nje, ambao hawana adabu, wakaanza kusema mvua imechelewa. Wengine wakathubutu kusema hali ya hewa ya dunia imebadilika. Bunge likaitwa kwa dharura.

Aliyesimama ni Waziri wa Majira na Umeme, Mheshimiwa Daktari Gwasa Nyambibo. Udaktari wake ni wa heshima. Alijitunuku mwenyewe alipokuwa Waziri wa Elimu, tena kwa hotuba fupi.

"Mheshimiwa Spika," alisema, akifuta jasho kwa kitambaa chenye picha yake, "nasikia wapo watu wanasema mvua imechelewa. Mvua ya nchi hii haijawahi kuchelewa! Mvua ndiye mgeni rasmi wa Novemba. Nauliza, na nataka nijibiwe: tangu lini shughuli ikaanza kabla ya mgeni rasmi?"

Wabunge waligonga meza mpaka glasi za maji zikadondoka. Sheria ikapita siku hiyohiyo: Novemba haitaanza mpaka mvua inyeshe. Asubuhi yake tuliamka Oktoba thelathini na mbili.

Sitawachosha na madogo madogo. Wafungwa waliokuwa watoke Novemba tano waliambiwa wavute subira, maana hata wao hawawezi kumtangulia mgeni. Bwana harusi mmoja wa mtaani kwetu alishukuru Mungu hadharani. Wakulima walitangaziwa redioni kwamba mahindi yanayokauka shambani yanakauka kwa kukosa ustaarabu, kwa kuwa yalitakiwa kujua kwamba bado ni Oktoba.

Lakini joto halikusikia redio. Kadiri lilivyopanda ndivyo viyoyozi vya wakubwa vilivyozidi kunguruma, na kadiri vilivyonguruma ndivyo maji ya bwawa yalivyozidi kushuka. Juu ya hayo kulikuwa na Jumba la Kompyuta. Jumba hili lilijengwa na mwekezaji kando ya mji wetu. Halina madirisha, lina kompyuta nyingi kuliko watu wa Ngarambo, na linakula umeme wa wilaya tatu. Kompyuta hazipendi joto, basi ndani wameweka baridi ya kugandisha samaki. Walinzi wake ndio watu pekee Palepale wanaovaa sweta na kofia za sufu kwenye nyuzi arobaini.

Tulipouliza jumba lile lina faida gani kwetu, serikali ilijibu kwa fahari kwamba imebana mkataba. Kompyuta zile, zikimaliza shughuli za mwenyewe, zitaifanyia nchi hesabu moja: mvua itanyesha lini, ili ijulikane Oktoba itaisha lini. Kuanzia hapo ikawa kuzizimia umeme ni kuhujumu kalenda ya taifa. Umeme wa sisi wengine ukawa unakatwa kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa mbili usiku. Neno mgao lilipigwa marufuku. Tuliagizwa kusema umeme umepumzika.

Zahanatini kwetu kuna mkunga anaitwa Sista Apolonia Mkude, mwanamke mfupi, mnene wa mikono, aliyenyimwa subira akapewa sauti. Miezi mitano nyuma alikuwa amehangaika mpaka wafadhili wa parokia fulani wakamletea paneli nane za sola na betri zake, ili mashine ya oksijeni ya chumba cha kujifungulia isitegemee umeme wa kupumzika. Paneli zilipandishwa juu ya paa. Wizara ikaja ikazifunika turubai, ikapiga lakiri, ikazichukua betri na kuzifungia stoo ya wilaya. Kibali kilikuwa kimetoka, tena kwa haraka ya kusifiwa, ila kilisema: "Kuanzia Novemba mosi."

Kila asubuhi Sista alisimama mlangoni kwangu.

"Karani, leo tarehe ngapi?"

"Oktoba arobaini na tano, Sista."

"Kwa hesabu ya nani?"

"Ya serikali."

"Na mimba zilizomo humu ndani nazo zinahesabu kiserikali?"

Nilimjibu kwamba sina waraka juu ya jambo hilo. Na kweli sikuwa nao.

Mimba aliyokuwa akiiwazia zaidi ni ya Sikudhani, mke wa Shomvi, mlinzi wa Jumba la Kompyuta. Walikuwa wamekaa miaka sita ndani ya ndoa bila mtoto, wamekunywa dawa za kila mwenye mizizi, na mama mkwe alikuwa ameshaanza kusema maneno ya pembeni. Hii ilikuwa ya kwanza kushika. Kadi yake ya kliniki ilisema tarehe ya kujifungua ni tisa Desemba, na presha yake ilikuwa inapanda na kushuka. Sista alimwambia mbele yangu, "Wewe ndiwe sababu nataka ile mashine iwake. Mtoto wako huenda akahitaji kusaidiwa kupumua. Basi."

Oktoba hamsini na mbili Chama cha Msimamo kiliitisha Kongamano la Kihafidhina la Tabianchi. Watu wasioipenda nchi walikuwa wameeneza kwamba wahafidhina hawajishughulishi na tabianchi, na chama kikataka kuonyesha kwamba kinajishughulisha nayo kuliko wote. Mada kuu ilikuwa "Namna ya Kulikabili Tatizo Bila ya Kuligusa". Ukumbi ulikuwa na viyoyozi kumi na vinne, na wajumbe walikuwa ndani ya suti za pisi tatu. Mjumbe mmoja alipendekeza bwawa lipunguzwe ukubwa ili maji yaliyopo yalijaze. Mwingine alisema mahitaji ya umeme yanapanda kwa sababu wananchi wameacha mila ya kulala mapema. Sista Apolonia alialikwa ili apigwe picha kama mwananchi wa kawaida. Alipigwa, kisha akachukua kipaza sauti kabla hakijafichwa.

"Waheshimiwa," alisema, "mimi sikuja kuomba mabadiliko. Mabadiliko nayaogopa kama ninyi. Nimekuja kumwombea kazi mhafidhina mwenzenu. Huyu huamka upande uleule kila siku tangu dunia iumbwe. Hajawahi kuhama chama. Hajawahi kuomba mafuta, wala vipuri, wala safari ya nje. Mababu zetu walianika mihogo kwake na nguo kwake. Naomba mmruhusu afanye kazi zahanati ya Ngarambo. Jina lake ni jua."

Halafu Mheshimiwa Nyambibo akasimama, machozi yanamlenga.

"Ndugu wajumbe, tumekaa na mwenzetu miaka yote hii, na hatukumtambua!"

Walisimama wote, wakapiga makofi dakika tisa. Papo hapo Jua likapewa kadi ya uanachama namba moja. Mwenyekiti wa chama, aliyekuwa nayo hiyo namba, kwa unyenyekevu akakubali kuhamia namba sifuri. Mimi niliyasikia kwenye redio nikiwa ofisini, na nakiri nilishangilia. Kwa siku chache tulidhani mwanamke yule amewashinda kwa lugha yao wenyewe. Aliporudi alimshika Sikudhani mabega akamwambia, "Zaa kwa raha zako, mwanangu. Wanatufungulia."

Lori la wizara lilikuja Oktoba hamsini na nane. Vijana wanne walipanda juu ya paa, wakakata lakiri, wakatoa turubai. Sista akawatolea chai. Kisha wakaanza kufungua paneli na kuzishusha.

"Mnazipeleka wapi? Si mlitoa idhini?"

Mkuu wa msafara alimpa barua. Niliisoma kwa sauti, kwa kuwa miwani ya Sista ilikuwa imeingia mvuke wa chai. Ilisema kwamba, kwa vile Jua sasa ni mwanachama mzee kuliko wote, na kwa vile ni mwiko katika mila za Palepale kumfanyisha mzee vibarua, kitendo cha kumchosha Jua kwa kumtoa umeme ni utovu wa nidhamu. Hata hivyo, chama kinatambua mapenzi ya watu wa Ngarambo kwa mzee huyu. Paneli zao zitatundikwa ndani ya ukumbi wa makao makuu kama kumbukumbu yake.

Na kweli zilitundikwa, pembeni ya picha ya Mwenyekiti. Nasikia baadaye ziligeuzwa zikatazama ukuta, kwa sababu zilikuwa zinang'aa kuliko picha. Maneno aliyoyasema Sista Apolonia siku ile siwezi kuyaandika katika kitabu cha serikali. Nitasema tu kwamba nimezaliwa kwenye Kiswahili, na mawili kati ya hayo nilikuwa sijawahi kuyasikia.

Uchungu ulimshika Sikudhani Oktoba sabini. Wenye kuhesabu kwa vidole mtaona kwamba, kama kalenda ingeachwa iende zake, siku ile ilikuwa Desemba tisa, ileile iliyoandikwa kwenye kadi. Mtoto hakuwahi wala hakuchelewa. Alifika siku aliyoalikwa.

Alizaliwa saa nne asubuhi, mvulana. Nilimsikia Sista ng'ambo ya ukuta: "Kilo tatu na robo! Haya, lia baba. Lia." Alilia kidogo, mara moja, kama mtu anayebisha hodi asitake kusumbua. Kisha sikusikia kitu isipokuwa sauti ya Sista akihesabu na ule mfuko wa kusaidia pumzi ukiminywa. Nilipochungulia, midomo ya mtoto ilikuwa ya bluu. Mashine ya oksijeni ilikuwa pale kando ya kitanda, nzima, safi, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Umeme ulikuwa umepumzika tangu saa moja. Jenereta la zahanati lilikufa mwaka juzi, na kwenye vitabu limeandikwa kuwa lipo likizo.

Shomvi alikuwa ametoka zamu, hajavua hata sweta. Alisema, "Kwetu kazini umeme upo. Hauzimwi hata sekunde."

Hakuna aliyejadili. Shomvi aliibeba mashine begani. Sista alimkumbatia mtoto kwa mkono mmoja na kuuminya mfuko kwa mwingine, nami nikafuata na kitabu changu, kwa kuwa kanuni inataka karani awepo. Ni mwendo wa dakika kumi. Tulitumia sita.

Meneja wa jumba alitoka mwenyewe getini. Ni kijana wa hapahapa, mpole, mwenye tai. Mlango ulipofunguka nyuma yake, baridi ilitupiga miguuni.

"Soketi moja tu, bosi," Shomvi alisema. "Hapahapa kibandani kwangu. Nusu saa."

"Shomvi, utaratibu unaujua kuliko mtu yeyote. Kompyuta ziko kwenye hesabu ya mvua. Umeme ukiyumba hata kidogo zinaanza upya tangu Oktoba mosi. Unataka taifa zima lirudi Oktoba mosi?"

"Mtoto hapumui!" Sista alifoka. "Wewe, hebu mtazame!"

Meneja hakumtazama. Aliomba kadi ya kliniki, akaisoma pande zote mbili kwa makini, na uso wake ukachangamka.

"Mbona hapa pameandikwa Desemba tisa? Leo Oktoba sabini, Sista. Ana muda wa kutosha huyu. Mnakimbilia nini?"

Aliyasema bila ubaya. Hilo ndilo ninaloshindwa kulisahau, kwamba yule kijana alidhani anatupa habari njema.

Aliingia ndani kuomba ruhusa kwa simu, na ruhusa ilitakiwa itoke mji mkuu, na aliyetakiwa kuitoa alikuwa uwanjani anamsubiri mgeni rasmi. Tulisimama pale getini. Baada ya muda Sista Apolonia aliacha kuuminya mfuko. Shomvi alitua mashine chini taratibu, akavua sweta lake la kazi, akamvisha mwanawe, akamfunga mikono ya sweta mgongoni kama anayemwogopea baridi. Sista alikaa kwenye mchanga, jua likimpiga utosini, akalia kwa sauti bila kujali nani anaona.

Siku tatu baadaye ulikuja waraka wa wizara, na kwa mara ya kwanza nikawa na mwongozo. Ulisema mtoto ambaye tarehe yake haijafika hawezi kuhesabiwa kuwa amezaliwa, na ambaye hajafika hawezi kuhesabiwa kuwa ameondoka. Niliijaza ripoti kama nilivyoelekezwa. Vifo vilivyotokana na kupumzika kwa umeme katika wilaya yetu: hakuna. Nilipongezwa kwa barua, na Mheshimiwa Nyambibo aliisoma sifuri yangu kwenye mkutano wa kimataifa, ambako inasemekana wajumbe kadhaa wa nje waliomba kujifunza.

Sikudhani alikuja ofisini Oktoba themanini na mbili. Alikuja peke yake, amejitanda kanga, akasimama mbele ya meza yangu.

"Nimekuja kumwandikisha mwanangu," alisema. "Kuzaliwa na kufa. Baba yake anataka lile jina liwe mahali."

Nilimweleza kwa upole. Nilimsomea waraka wote, na ibara ya nne nikairudia. Nilimwambia kwamba kwa mujibu wa sheria yeye bado ni mjamzito, na kwamba anastahili kuhudhuria kliniki na kupewa chandarua. Nikamwambia arudi Desemba.

"Desemba lini, baba?"

"Mvua ikinyesha, mama, tutaanza Novemba. Ikiisha Novemba, ndiyo Desemba."

Aliitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Kisha akaifungua kanga kifuani, na nikaona gauni lake limelowa pande zote mbili, mpaka kiunoni.

"Na haya maziwa," aliniuliza, "nayo niyaambie yasubiri mgeni rasmi?"

Nilifungua mwongozo. Niliutafuta ukurasa kwa ukurasa, yeye akiwa amesimama pale, gauni likidondosha tone tone kwenye sakafu ya serikali. Niliona aibu, aibu ya kweli, ya kutaka kuingia chini ya meza. Kitabu changu cha usajili kilikuwa wazi mbele yake. Kila mwezi una kurasa zake, na za Desemba zilikuwa nyeupe. Aliufunua ukurasa wa kwanza, akaichukua kalamu mkononi mwangu, akaandika polepole kwa herufi za shule ya msingi: Mbaruku Shomvi. Amezaliwa tarehe tisa. Amekufa tarehe tisa.

Maandishi yale hayana mhuri na ni kinyume cha sheria. Wakaguzi wanakuja kesho, na sijauchana ukurasa.